Mama, hedhi ikishakoma: kupunguza uzito bila kujiua na njaa



Katika toleo hili tunazungumza na akina mama na akina bibi ambao hedhi yao imekwisha kukoma, na ambao uzito umeanza kuwasumbua. Tunajua wengine mtashangaa. Msaada wa chakula umepungua, watu wanahesabu vikombe vya unga, halafu karatasi ya afya inakuja na habari za kupunguza uzito! Mama mmoja wa hapa Dzaleka aliniambia hivyo hivyo tulipopita nyumbani kwake: "Binti yangu, kunenepa ni kwa matajiri wa Lilongwe. Sisi tutanenepa na nini?" Lakini alipokuja kituoni alikuwa na kilo 84, presha yake ilikuwa 170 juu ya 100, magoti yalikuwa yanamuuma mpaka anashuka kitandani kwa shida. Na siku ile mchana nyumbani kwake hakukuwa na chakula. Mama huyo amekubali tueleze habari zake bila kutaja jina, nasi tunamshukuru.

Mtu anaweza kuwa na njaa na akawa na uzito wa kupita kiasi kwa wakati mmoja. Si ajabu wala si uchawi. Vyakula vya bei ndogo vinavyojaza tumbo haraka ni unga mweupe, mafuta na sukari. Hivyo vinatia mwili nguvu nyingi, lakini havijengi misuli wala damu. Mama anakula mara moja kwa siku, anakula vitu hivyo hivyo, anakaa kwenye kigoda tangu asubuhi, na mwili unaweka akiba tumboni.

Hedhi kukoma maana yake nini?

Tunasema hedhi imekoma pale mwanamke anapopitisha miezi 12 mfululizo bila kuona siku zake, na si kwa sababu ya mimba, kunyonyesha au dawa za uzazi wa mpango. Kwa wanawake walio wengi jambo hili linatokea kati ya miaka 45 na 55. Kabla ya hapo kuna miaka kadhaa ambayo hedhi inarukaruka: mwezi huu inakuja, miezi miwili haipo, halafu inarudi kwa nguvu. Si ugonjwa, na si dalili ya kurogwa kama wengine wanavyosema.

Kinachotokea ni kwamba ovari zinapunguza kutengeneza homoni ya estrojeni. Homoni hiyo ilikuwa na kazi nyingi zaidi ya uzazi. Ilikuwa inalinda mifupa, na ilikuwa inayaelekeza mafuta ya mwili yakae kwenye nyonga na mapaja. Ikipungua, mafuta yanahamia tumboni. Ndiyo maana mama anaweza kuona sketi inambana kiunoni hata kama kilo hazijaongezeka sana. Wengi pia wanapata joto la ghafla, jasho usiku na kukosa usingizi. Na mtu asiyelala vizuri, kesho yake anatamani vitu vitamu na hana hamu ya kutembea.

Hapa kuna jambo ambalo watu hulichanganya. Kukoma hedhi peke yake hakuleti kilo nyingi. Kilo zinaletwa zaidi na umri na maisha. Kila miaka inavyokwenda misuli inapungua, na misuli ndiyo inayotumia sehemu kubwa ya chakula tunachokula. Misuli ikipungua na sahani ikabaki ile ile, kinachobaki kinakuwa mafuta. Halafu fikiri maisha yenyewe. Kule Fizi au Uvira, au kwenye vilima vya Burundi, mama wa miaka 55 alikuwa bado anashika jembe, anapanda mlima na kikapu cha mihogo, anatwanga sombe kwenye kinu. Hapa kambini mashamba hakuna, isipokuwa wachache wanaokodi kwa wenyeji. Mama yule yule sasa anauza nyanya, amekaa tangu saa 1 asubuhi mpaka saa 11 jioni. Maji wanachota wajukuu. Kwa hiyo tusimlaumu mama kwamba ni mvivu. Kazi aliyokuwa nayo ilibaki kule alikokimbia.

Mafuta ya tumboni ndiyo yenye madhara kuliko yale ya mapajani. Yanakaa karibu na ini na matumbo, na yanachangia presha, kisukari na ugonjwa wa moyo. Kabla hedhi haijakoma, wanawake wanapata magonjwa ya moyo kidogo kuliko wanaume wa umri wao. Baada ya hapo nafuu hiyo inapungua.

Pima kwanza

Usianze kupunguza uzito kwa kujitazama tu kwenye kioo, wala kwa sababu jirani amekucheka. Chukua mita ya fundi cherehani. Simama wima, pumua nje kawaida bila kuvuta tumbo, na upime katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga. Kwa mwanamke, kiuno kikizidi sentimita 80 hatari imeanza kuongezeka. Kikizidi 88 hatari ni kubwa. Kama huna mita, chukua kamba, zungushia hapo, funga fundo mahali inapokutana, na uitunze. Mwezi ujao zungushia tena uone fundo limefika wapi. Kamba haidanganyi, na haihitaji betri.

Mizani ya kituoni pia inasaidia ikitumika pamoja na urefu wako. Kwa mama mwenye urefu wa mita 1 na sentimita 60, uzito unaanza kuzidi akipita kilo 64, na unaitwa unene wa kupindukia akifika kama kilo 77. Ukija kupima, pima na presha na sukari siku hiyo hiyo. Presha haina dalili kwa watu wengi, na mama anaweza kuishi nayo miaka bila kujua.

Kama kiuno chako na uzito wako ni wa kawaida, usipunguze kitu. Na kama nguo zinakulegea wewe mwenyewe bila kutaka, usifurahi. Kukonda bila sababu kunaweza kuwa kifua kikuu, kisukari, UKIMWI, kansa, au njaa. Njoo upimwe.

Kilo ngapi zinatosha?

Wengi wanataka kurudi kwenye mwili wa siku ya harusi. Hiyo haihitajiki. Ukipunguza sehemu 5 katika 100 ya uzito wako, presha na sukari vinaanza kupata nafuu, na magoti pia yanashukuru. Kwa mama wa kilo 84 ni kama kilo 4 tu. Nusu kilo kwa wiki ni mwendo mzuri, na hata nusu kilo kwa wiki mbili si vibaya. Anayepunguza kilo kumi kwa mwezi anapoteza misuli pamoja na mafuta, na mifupa inazidi kuwa dhaifu. Mama aliyekoma hedhi hana mifupa ya kuchezea: akianguka kwenye tope la mwezi wa kwanza akavunjika nyonga, shida yake itakuwa kubwa kuliko kitambi.

Chakula: kubadilisha bila kuongeza gharama

Tulipowauliza akina mama wanakula vipi, wengi walitueleza siku inayofanana. Asubuhi chai yenye sukari nyingi na mandasi moja au mbili za barabarani. Mchana hakuna, au kipande cha muhogo. Usiku, watoto wakishapewa, mama anakula bugali mkubwa na mboga kidogo, halafu analala. Bibi mmoja anayelea wajukuu wanne alisema anajinyima mchana ili wao wale. Hatumwambii aache kuwapa wajukuu. Ila kujinyima mchana hakumpunguzii uzito, kwa sababu usiku njaa inakuja na deni lake lote.

Tuanze na sukari, kwa kuwa hapo ndipo mtu anapunguza na pesa inabaki mfukoni. Kijiko kimoja cha chai cha sukari kina kama gramu 4. Mama anayekunywa vikombe vitatu kwa siku, kila kikombe vijiko vitatu, anakula gramu 36. Kwa siku 30 ni zaidi ya kilo moja ya sukari, peke yake! Punguza kijiko kimoja kila wiki. Ulimi unazoea, hata kama wiki ya kwanza utaniona adui. Tangawizi au mchaichai kwenye chai unasaidia kuifanya isiwe chungu. Soda moja ndogo ya chupa ina sukari ya vijiko saba au zaidi, na thobwa iliyoongezwa sukari ni vile vile. Thobwa ya nyumbani isiyotiwa sukari ni chakula kizuri, lakini ihesabu kuwa chakula, si maji.

Jambo la pili ni mafuta ya kupikia. Kijiko kimoja kikubwa cha mafuta, yawe ya alizeti, ya soya au mawese, kina nguvu ya kama kalori 120. Nguvu hiyo ndiyo mama anayoitumia akitembea kwa haraka karibu nusu saa. Basi ukimimina mafuta moja kwa moja kutoka kwenye chupa, mkono ukateleza mara mbili, umekwisha kula matembezi ya saa nzima. Pima kwa kijiko: kijiko kimoja kikubwa kwa kila mlaji kwa siku nzima kinatosha. Najua sombe bila mawese kwa wengine ni matusi. Hatusemi uondoe. Lakini kama umetia karanga zilizosagwa, mawese yapungue, kwa sababu karanga zenyewe zina mafuta. Mandasi, vitumbua na viazi vya kukaanga vinakunywa mafuta kama sifongo, basi viwe vya mara moja moja. Kiazi kitamu cha kuchemsha asubuhi kinashiba kuliko mandasi, na bei yake wakati wa mavuno ni ndogo.

Sasa tuje kwenye bugali. Wengine wanatushauri tuuache kabisa. Mimi sioni kwamba huo ni ushauri wa watu wanaoishi hapa. Tunachoomba ni mambo mawili. La kwanza, unga. Kwenye chigayo unaweza kusaga mahindi bila kukoboa, ule unga ambao wenyeji wanauita mgaiwa. Unga mweupe uliokobolewa umepoteza maganda na kiini, yaani nyuzinyuzi na vitamini nyingi. Mgaiwa unashibisha muda mrefu zaidi, unasaidia choo kupita vizuri, na unapata unga mwingi kwa mahindi yale yale kwa kuwa hakuna kinachotupwa. Kasoro yake ni kwamba hauhifadhiki muda mrefu, basi saga kidogo kidogo. Na wapo wanaouona kama unga wa maskini. Waacheni na weupe wao.

La pili, sahani. Chukua sahani ya kawaida na uigawe kwa macho. Nusu iwe mboga za majani: lengalenga, ambayo hapa wanaiita bonongwe, majani ya maboga, kabichi, sombe, chochote kilichopo. Robo iwe bugali. Robo iliyobaki iwe kitu cha kujenga mwili: maharagwe, kunde, mbaazi, soya, usipa, au yai likipatikana. Siku hizi sahani zetu nyingi ni robo tatu bugali na mboga ya kuonja. Tunajua maharagwe yanakula makaa. Yaloweke usiku kucha na umwage maji yale, yataiva haraka. Mboga za majani unaweza kupanda kwenye gunia lililojazwa udongo na mbolea, limwagiliwe maji ya kuoshea vyombo yasiyo na sabuni nyingi. Gunia moja mlangoni halimalizi shida, lakini linatoa majani ya kuchuma mara kwa mara.

Kwa nini tunasisitiza kitu cha kujenga mwili? Kwa sababu mama akipunguza chakula bila maharagwe wala samaki, mwili unakula misuli yake wenyewe. Na usipa au ndagala anayeliwa mzima, na mifupa yake, anakupa madini ya kalsiamu ambayo mifupa yako inayalilia. Usimtupe kichwa. Ila yule aliyekaushwa kwa chumvi, mloweke kwanza, kwa ajili ya presha. Chumvi yote ya siku isizidi kijiko kimoja cha chai kwa mtu, na vile viungo vya vipande vya mchuzi vina chumvi nyingi ndani yake.

Ukiweza, gawa chakula chako cha usiku mara mbili: nusu ukile mchana, hata kama ni cha jana kilichopashwa moto vizuri, na nusu jioni mapema. Si lazima uongeze chakula. Ni kile kile, kimehama tu.

Kuhusu kufunga na kuomba: wapo mama zetu wanaofunga siku tatu bila kula, na wengine wanafunga mwezi wa Ramadhani. Imani ya mtu hatuiingilii. Lakini kama unatumia insulini au vidonge vya sukari vya aina ya glibenklamidi, usifunge na usipunguze chakula ghafla kabla ya kuzungumza na muuguzi. Dawa hizo zinashusha sukari hata kama hujala. Ukianza kutetemeka, kutoka jasho baridi, kuona giza au kuongea mambo yasiyoeleweka, kunywa mara moja maji yenye vijiko vitatu au vinne vya sukari, kisha uje kituoni.

Mazoezi bila uwanja wala viatu vya bei

Neno mazoezi linawafanya mama wengine wacheke. Wanafikiri ni kukimbia na kaptula kama vijana wa mpira. Mazoezi tunayosema ni mwili kutumika mpaka moyo uende kasi kidogo. Shirika la Afya Duniani linashauri angalau dakika 150 kwa wiki, yaani nusu saa kwa siku tano. Si lazima iwe mara moja: dakika 10 asubuhi, 10 mchana na 10 jioni ni sawa. Kipimo ni hiki: unaweza kuzungumza na mwenzako, lakini huwezi kuimba. Ukiweza kuimba wimbo wa kwaya mpaka mwisho, ongeza mwendo. Ukishindwa hata kujibu salamu, punguza.

Tembeeni kwa kikundi, asubuhi kabla jua halijapanda, kwenye njia zenye watu. Usitembee peke yako alfajiri wala baada ya giza. Kwenda sokoni kwa miguu badala ya kupanda kabaza ni mazoezi, na nauli inabaki. Vaa viatu vinavyoshika kisigino. Kandambili zinateleza, na mwenye kisukari asitembee peku hata kidogo, kwa sababu kidonda cha mguu kwake kinachelewa kupona. Akague nyayo zake kila jioni, au mjukuu amsaidie kuona.

Kutembea peke yake hakuturudishii misuli. Inatakiwa pia kuipa misuli kazi nzito angalau siku mbili kwa wiki, na hili ndilo akina mama wengi hawajawahi kuambiwa. Kaa kwenye kiti kigumu kilichoegemezwa ukutani, kunja mikono kifuani, simama bila kujisaidia kwa mikono, halafu kaa polepole. Mara 8 mpaka 10, pumzika, rudia. Ukishindwa, anza kwa kujisaidia kwa mkono mmoja. Kisha simama hatua moja kutoka ukutani, weka viganja ukutani, kunja viwiko mpaka uso ukaribie ukuta, jisukume urudi. Halafu shika ukuta, inuka kwa vidole vya miguu, shuka. Chupa ya lita moja ikijazwa maji ni kilo moja: shika mbili, moja kila mkono, uziinue mpaka mabegani. Wenye presha wasibane pumzi wakati wa kuinua. Pumua nje unapotumia nguvu. Mtu mwenye presha ya juu sana, anayeumwa kifua, au anayevimba miguu, amwone kwanza mganga wa kituo.

Mtauliza, na kubeba dumu la lita 20 kichwani si mazoezi? Ni kazi, na inatumia nguvu. Lakini ni kilo 20 juu ya shingo na uti wa mgongo ambao huenda mifupa yake imekwisha kupungua. Kwa mama mkubwa, ni bora kubeba madumu mawili madogo ya lita 5 mikononi, kila upande moja, hata kama atakwenda mara mbili kisimani.

Kuna jambo lingine ambalo mama hawalisemi mpaka umeme wa aibu uzimike. Wengine wanaacha kutembea kwa sababu mkojo unatoka kidogo wakikohoa, wakicheka au wakienda haraka. Ni tatizo la wanawake wengi, hasa waliozaa mara nyingi, na hedhi ikishakoma linaweza kuzidi. Lina zoezi lake. Kaza ile misuli unayoitumia kuzuia mkojo na hewa, hesabu mpaka tano, legeza, hesabu tena tano. Rudia mara 10, mara tatu kwa siku. Unaweza kufanya ukiwa umekaa kwenye meza yako ya nyanya na hakuna mteja atakayejua. Usilifanye wakati wa kukojoa. Baada ya miezi mitatu wengi wanaona tofauti.

Maneno ya watu

Turudi kwa yule mama wa kilo 84. Alipunguza sukari, akagawa bugali, akawa anatembea na jirani zake wawili. Baada ya miezi sita alikuwa na kilo 79 na presha yake ilikuwa imeshuka, ingawa anaendelea kumeza vidonge vyake kila siku. Hapo ndipo shida ilipoanza. Kisimani wakaanza kunong'ona kwamba amekonda, basi ana ule ugonjwa. Mkwewe akamtumia ujumbe akiuliza kama watoto wake wanamnyima chakula. Mama akaanza kula tena usiku ili mashavu yarudi. Alisema, "Afadhali presha kuliko macho ya watu."

Jambo hili si dogo. Kwetu mama mnene ni mama anayetunzwa, na mume au watoto wanasifiwa kwa ajili yake. Tulikonda wote wakati wa kukimbia, na hakuna anayetaka kukumbushwa. Mama huyo alisaidiwa na wale jirani wawili: walikuja kituoni wote watatu, wakapimwa presha mbele ya wenzao, na kila mmoja akasema namba yake. Sasa akiulizwa anajibu, "Presha yangu ilikuwa 170, leo ni 138. Yako ni ngapi?" Muulizaji mara nyingi hana jibu, na wengine wamekuja kupimwa kwa sababu ya swali hilo. Watoto na wakwe, mkimwona mama anapunguza uzito kwa mpango, msimwambie amechakaa. Na msimletee soda kama zawadi ya kumpenda.

Vidonge na chai za kukondesha

Wapo wanaouza chai na vidonge vya kuyeyusha kitambi. Vingi vinaharisha au vinakojoza sana. Kilo zinazotoka ni maji, na zinarudi ukinywa maji. Kwa mama mwenye presha anayemeza dawa, kuharisha hivyo kunaweza kumwangusha. Dawa za enema za kila wiki nazo hazitoi mafuta.

Upande mwingine kuna vidonge vya kunenepesha, ambavyo wengi wetu tulivijua tangu Congo. Kimojawapo ni deksamethasoni. Ni dawa ya kweli kwa magonjwa fulani, lakini ikimezwa ovyo inavimbisha uso, inajaza tumbo, inapandisha sukari na presha, na inakula mifupa. Kama umeitumia kwa muda mrefu, usiikatishe ghafla, kwa sababu mwili unakuwa umesahau kutengeneza homoni yake. Njoo useme ukweli, muuguzi hatakukemea, na utapunguziwa taratibu. Na dawa zako za presha au sukari usiziache kwa sababu umepungua kilo tatu. Kipimo kipya ndicho kitakachoonyesha kama dozi ibadilishwe.

Damu ikirudi

Mwisho, jambo ambalo halihusu uzito moja kwa moja, ila wanene wanalipata zaidi. Ikiwa miezi 12 imepita bila hedhi, halafu ukaona damu, hata tone moja, hata ya rangi ya chai, usishangilie kwamba ujana umerudi na usingoje ione yenyewe. Inaweza kuwa kitu kidogo kama ukavu wa njia ya uzazi. Inaweza pia kuwa kansa ya mlango wa kizazi, ambayo Malawi inaua wanawake wengi, au kansa ya ndani ya mfuko wa uzazi, ambayo inawapata zaidi wenye uzito mkubwa. Zote zikigunduliwa mapema zina matibabu. Njoo kituoni wiki hiyo hiyo. Ukipenda kuhudumiwa na muuguzi mwanamke, sema pale mlangoni unapochukua namba, na kama huongei Chichewa wala Kiingereza, omba mkalimani mwanamke. Huna haja ya kumweleza mlinzi unaumwa nini.